Mashine ya Kukaushia Mashuka ya Mama

Kidonda cha mama kilianza kama doa jekundu, dogo kuliko kifungo cha shati, chini kabisa ya mgongo, pale mfupa unapoikaribia ngozi. Alikuwa amelala tangu kiharusi kilipouchukua upande wake wa kulia pamoja na sehemu kubwa ya maneno yake. Muuguzi wa zahanati ya mtaani kwetu, mwanamke jirani aliyekuwa akipita kumwona jioni akitoka kazini, alilibonyeza doa lile kwa kidole, akasubiri, akaona wekundu hauondoki.

“Mgeuze, na umweke mkavu,” aliniambia tulipotoka uani. “Kikifunguka, kwa umri wake na sukari yake, sitaki nikudanganye. Hatutakifunga.”

Kumgeuza niliweza. Kilichotushinda ni ukavu.

Nyumba yetu iko Keko, nyuma ya safu ya maseremala. Wakati wa kiangazi nguo hukauka upesi, ila unazianua zikiwa na unga mwembamba wa mbao, na kwa mtu mwenye ngozi ya kuchubuka unga huo ni kama msasa. Kwa hiyo mashuka ya mama niliyaanika upande wa choo, ambako upepo wa maseremala haufiki. Masika yalipoingia, upande wa choo nao haukufaa kitu. Mama alikuwa hawezi tena kuzuia haja ndogo. Pampasi za watu wazima tulizijaribu, zikamchubua mapaja, tukarudi kwenye kanga kuukuu zilizokunjwa juu ya mpira, na shuka juu ya kanga. Beseni lilijaa kila siku. Kamba zikapita sebuleni, zikapita ukumbini, zikafika chumbani kwangu. Feni ilizunguka mchana kutwa ikihamisha unyevu kutoka shuka moja kwenda jingine. Nguo zilikaa siku nzima na ya pili yake, zikaanza kunuka uvundo kabla hazijakauka. Nilimpelekea dobi. Alinicheka.

“Dada, jua lako na langu si ndio hilohilo?”

Kaka yangu anaishi Kinyerezi na hana nafasi ya kuja mara kwa mara. Anajua hilo, kwa hiyo hutuma vitu. Safari hii alituma mashine ya kukaushia nguo, draya, iliyotumika Ulaya na kununuliwa kwenye yadi ya vyombo vya mtumba. Ililetwa kwenye kirikuu, na maseremala wanne wakaacha kazi kuja kuiteremsha. Mmoja aliizunguka akiipapasa kama ng’ombe wa mnadani.

“Hii ya kufulia haina pa kuingizia maji,” alisema. “Braza yenu kapigwa.”

“Si ya kufulia. Inakausha.”

“Inakausha tu?”

“Inakausha tu.”

Aliitazama mvua iliyokuwa ikianza kudondoka, akanitazama mimi. “Haya bwana. Wazungu hawana kamba.”

Tuliiweka ukumbini, kwa kuwa soketi nzima ilikuwa huko. Mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, ambaye hufika kila asubuhi kutoka Tandika kumkanda na kumbembeleza ale, aliitandikia kitambaa cheupe alichokishona kwa mkono, kirefu mpaka nyuma, kama anavyotandikia redio na friji kwake. Ilipendeza. Mimi, ambaye nilikuwa nimeshasoma chote kijitabu cha maelekezo kilichokuja na mashine, pamoja na kurasa zilizoandikwa kwa lugha nisizozijua, nilikinyanyua kile kitambaa kila nilipoiwasha, maana nyuma kulikuwa na matundu ya kuvutia hewa.

Siku ya kwanza plagi iliyeyuka. Ekstensheni tuliyotumia ilikuwa ya kuchajia simu na kuendeshea televisheni, na draya hunywa umeme kama pasi kadhaa kwa pamoja. Fundi umeme akavuta waya mnene kutoka kwenye swichi kubwa, akabadilisha soketi. Bomba la kutolea hewa ya moto nikalipitisha dirishani, nikaukata wavu wa mbu kwa umbo lake na kuziba pembeni kwa utepe wa gundi. Baada ya hapo ilifanya kazi.

Nataka niandike jinsi ilivyofanya kazi, kwa sababu zile wiki chache ndizo pekee za aina yake. Shuka liliingia zito, likatoka jepesi na la moto. Nilikuwa nikilikunjua juu ya kitanda lingali na joto, halafu mimi na mama mdogo tunamgeuza mama juu yake, na mama anafumba macho. Ule upande wa uso uliobaki hai ulilegea. Muuguzi alikuja, akawasha tochi ya simu, akaangalia mgongoni kwa muda mrefu kuliko kawaida.

“Linafifia,” alisema. “Mnafanya nini?”

Nilimwonyesha mashine. Hakuielewa sana, lakini aliigonga kidogo kwa kiganja, kama mtu anayemsalimia mtoto wa jirani.

Kisha mashuka yakaanza kutoka na ubichi. Mwanzoni pindoni tu, nikadhani nimejaza kupita kiasi. Nikapunguza. Yakaendelea kutoka mabichi. Nikafuata mambo kwa mpangilio, moja baada ya jingine. Umeme mdogo? Taa ilikuwa inawaka vizuri, na pasi inachoma. Bomba la dirishani limekunjika? Nililinyoosha, nikaweka mkono nje, hewa ilikuwa inatoka, ila dhaifu, kama pumzi ya mtu aliyefunikwa blanketi. Pipa linazunguka? Linazunguka. Likabaki chujio.

Chujio la draya ni wavu mdogo mlangoni, unaonasa nyuzi zinazochomoka kwenye nguo. Nilikuwa nikilisafisha kila mara, kama kijitabu kilivyoelekeza, na nilijua nyuzi zinavyopaswa kuwa: laini, kijivu, unazibandua kwa vidole zinatoka pamoja kama kipande cha pamba. Zangu hazikuwa hivyo. Zilikuwa za manjano, zimeshikana na wavu, na zilipobanduka ziliacha utando unaong’aa. Niliuosha wavu kwa maji, maji yakasimama juu yake bila kupita. Nikaupeleka puani. Ulinukia nazi na karafuu.

Nilijua nazi ile imetoka wapi, lakini siku hiyo sikumwambia mtu. Niliusugua wavu kwa sabuni na mswaki wa zamani mpaka maji yakapita. Draya ikapata nafuu. Halafu, katikati ya wiki ya mvua kubwa, ikaacha kabisa kutoa joto. Pipa lilizunguka, hewa ikatoka, na hewa yenyewe ilikuwa ya baridi.

Fundi wa mafriji aliyekuja hakuwahi kufungua draya maishani, na alisema hivyo waziwazi huku akiifungua. Alikuwa mcheshi, mwenye haraka, na bisibisi yake ilikuwa imeshalegeza mabati ya nyuma kabla sijamaliza kueleza tatizo. Ndani, njia ya hewa ilikuwa imevaa ukoko wa nyuzi na mafuta, mweusi karibu na hita, wa manjano mbali nayo. Aliukwangua kwa kucha.

“Sista, mnakaangia maandazi humu?”

“Ni mafuta ya mgonjwa.”

“Mgonjwa wa kukaanga?” Alicheka peke yake, kisha akamwona mama kupitia mlango uliokuwa wazi. “Samahani. Mama, shikamoo.”

Mama aliinua kidole cha mkono wa kushoto. Ndiyo ilikuwa marahaba yake.

Kwa mita yake fundi alifuata waya mmoja mmoja mpaka akafika kwenye kidude cheupe, kidogo kama njugu, kilichofungwa juu ya kasha la hita. Akakitoa. “Mwizi huyu hapa. Kafa.”

Kijitabu kilikuwa na picha yake. Ni fyuzi ya joto: mashine ikipata moto kupita kiasi kwa kuwa hewa imezibwa, fyuzi inakatika na hita inazima. Nilimwambia. Nikamwuliza kama kipya kinapatikana.

“Kariakoo hukipati. Labda uagize, ukae usubiri.” Akakata kipande cha waya, akakichuna ncha zote mbili. “Tunaunga moja kwa moja. Haka kazi yake kuzuia moto tu.”

“Si ndiyo maana kapo?”

“Dada yangu, wewe unataka moto au hutaki?”

Ukumbini kulikuwa na mashuka ya maji yanayodondokea beseni. Chumbani, mama alikuwa amelalia kanga niliyoikausha kwa pasi, na nilijua katikati yake, penye mikunjo, bado mbichi. Nikamwambia aunge. Aliunga. Joto likarudi, tena kali kuliko mwanzo, na fundi akakunja mikono kifuani akitazama mvuke unavyotoka dirishani.

“Ila huyo wa mafuta,” alisema akikusanya vyombo vyake, “mwambieni apumzike.”

Wa mafuta alikuwa mama mdogo. Kila asubuhi alikuja na chupa ya mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe kwa kukuna, kukamua na kuchemsha tui mpaka mafuta yakajitenga, akatumbukiza karafuu. Kwetu mgonjwa wa kitandani hukandwa. Mtoto mchanga hukandwa, mzazi hukandwa, aliyevunjika hukandwa, na aliyepooza hukandwa zaidi ya wote, kwa mafuta mengi ya vuguvugu, kutoka shingoni mpaka vidoleni. Mama mdogo hakuwa na hospitali wala dawa kichwani mwake; alikuwa na mikono. Wakati wa kukandwa mama alitoa sauti, si maneno, mlio mdogo wa kooni ambao hatukuusikia saa nyingine yoyote. Na mafuta yote yale, baada ya ngozi kushiba, yaliingia kwenye shuka. Sabuni ya mche haikuyatoa. Maji ya moto hayakuyatoa. Yalingoja joto la draya, yakaondoka pale kwenda kuganda kwenye mashine.

Nilimwambia jikoni, akiwa anapasha chupa kwenye sufuria ya maji.

“Mama mdogo, mafuta yanaua mashine.”

Hakugeuka. “Mashine gani hiyo inayochagua? Sie tumepakwa mafuta toka siku tuliyotoka tumboni. Mama yako na mie tumelelewa kwa chupa moja.”

“Najua. Lakini mashine ikifa mashuka hayakauki, na mashuka yasipokauka kile kidonda...”

“Mie sijui mashine. Mie najua dada yangu.”

“Tupunguze tu. Mpaka mvua ziishe.”

“Nipake kidogo? Kama chumvi?” Ndipo akanigeukia. Uso wake ni wa mama, ule wa kabla ya kiharusi, na ni vigumu kubishana nao. “Au unataka niache?”

Alizima jiko. Akaifuta chupa kwa upande wa kanga yake, akaifunga, akaitia kwenye kikapu.

Kuanzia kesho yake alikuja bila kikapu. Alimsalimia dada yake, akamlisha uji, akakaa kwenye kiti kando ya kitanda na mikono yake mapajani. Mama aliitazama mikono ile. Aliusogeza mkono wake wa kushoto polepole juu ya shuka, akaugeuza kiganja juu, akangoja. Mama mdogo aliushika, akaukanda ukiwa mkavu, na sauti ya ngozi kavu juu ya ngozi kavu ilisikika mpaka nilipokuwa nimesimama. Baada ya muda mama aliuvuta mkono wake, akautia chini ya shuka. Siku zilizofuata hakuutoa tena. Uji ulianza kurudi bakulini.

“Umefurahi?” mama mdogo aliniuliza mlangoni, akivaa ndala zake. Hakuwa na ukali. Alikuwa anauliza kweli.

Nilikuwa na jibu moja tu, nalo ni kwamba mashuka yalikuwa makavu. Nikampa jibu hilo. Akaitikia kwa kichwa, akafungua mwavuli.

Sikujua kuhusu mafuta yaliyokwishaingia. Fundi alikwangua pale ukucha wake ulipofika. Nyuma ya kasha la hita, kwenye kona ambayo lazima pipa lote litolewe ndipo uione, ulibaki ukoko wa majuma yote ya nyuma. Na kile kidude ambacho kingeyaona hayo kabla yetu, tulikuwa tumeshakiweka pembeni na kuruka juu yake kwa kipande cha waya. Adhuhuri moja niliitia draya mzigo wa kanga na mashuka mawili, nikaingia chumbani kumgeuza mama. Nilisikia kwanza harufu ya nazi iliyoungua, kama mtu amesahau sufuria. Nikafikiri ni kwa jirani. Kisha moshi ukaingia kupitia juu ya mlango, ukiwa umetanda chini ya dari nzima.

Nilizima swichi kubwa. Seremala yuleyule aliyeshangaa mashine isiyo na maji alikuja na ndoo ya mchanga, akafungua mlango wa draya, akachomoa kanga zilizokuwa na rangi ya chai na kuzitupa uani kwenye mvua. Moto wenyewe haukuwa mkubwa. Ulikuwa ndani, kwenye kona, uking’aa na kufifia kama kaa la udi, na mchanga ukauzima. Mama alikohoa mpaka mate yakamtoka. Nilipomfuta, alikuwa ananitazama na jicho moja limejaa machozi, na sikuweza kujua kama ni moshi.

Fundi alirudi. Safari hii hakutania. Hita ilikuwa imekatika. Koili yake ilining’inia vipande viwili. Aliizungusha mkononi.

“Hii tutafute.”

Tulitafuta. Nilikwenda naye Kariakoo, duka kwa duka, na koili iliyoungua kwenye mfuko wa nailoni. Wauzaji waliitoa, wakaiangalia kwenye mwanga, wakauliza ni ya oveni, ya hita ya maji, ya mashine ya kuangulia vifaranga. Nilipowaambia, mmoja alimwita mwenzake wa duka la pili aje asikie. Si kwamba walikuwa wabaya. Kitu ambacho hakuna aliye nacho, hakuna anayeuza spea zake. Kaka alipiga simu kwenye yadi alikoinunua, wakamwambia wanauza mashine, vipuri hawana, lakini kontena lijalo huenda likaja na nyingine. Lini, hawakujua.

Fundi alinunua koili ya jiko la umeme, akaivuta ifanane urefu, akaifunga kwenye vile vigae vya udongo vilivyokuwa vikishikilia koili ya zamani. Tulipowasha, swichi kubwa ilijikata kwa kishindo na nyumba ikawa giza mchana. Akairekebisha, akawasha tena, ikajikata tena. Akasimama mbele ya draya muda mrefu, bisibisi sikioni kama penseli ya seremala.

“Sista, hii basi,” alisema. “Hapa naweza kuendelea kukulia muda wako tu.”

Mabati ya nyuma hakuyafunga yote. Alisema tutabaki na nafasi ya kusafisha, kisha mwenyewe akatambua alichokisema, akainama kuchukua mfuko wake.

Mvua haikupungua. Tulirudi kwenye kamba na feni. Kaka alituma mashuka mapya, mengi, yakiwa kwenye plastiki, tukayatumia makavu mara moja moja, kisha nayo yakaenda kwenye kamba pamoja na mengine, nyumba ikawa ya kupita ukiinama. Nilijifunza kukausha kwa pasi. Shuka moja humaliza karibu nusu ya asubuhi, na ukiona mvuke umekwisha ujue bado kuna unyevu katikati ya nyuzi, ambao mkono hauusikii lakini ngozi ya mtu aliyelala inausikia.

Kile kidonda kilifunguka chini ya kanga ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nimeihesabu kuwa kavu. Asubuhi niliona doa la majimaji ya waridi. Muuguzi alikuja kabla ya kwenda kazini, akaosha, akaangaza tochi. Niliona kitu cheupe ndani, nikauliza kama ni usaha.

“Hapana,” alisema.

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni, mwavuli ukichuruzika sakafuni. Alikuwa amekuja na kikapu. “Sasa si nimpake?” aliuliza. “Mashine si imeshakufa? Nimpake, mwanangu, walau apate raha.”

Muuguzi alimtazama kwa upole wa watu waliochoka. “Mama mdogo, ngozi yote hii ya mgongo imekuwa kama karatasi iliyolowa. Ukiikanda inakuja na mkono. Msimguse zaidi ya kumgeuza.”

“Hata miguu?”

“Miguu imevimba. Hata miguu.”

“Hospitali je?” niliuliza.

“Mpelekeni mkitaka. Watamwosha kama ninavyomwosha mimi, halafu watawarudishia.” Alifunga chachi kwa plasta, akavua glovu. “Mlindeni tu asilalie maji. Angalau hilo.”

Alipoondoka, mama mdogo alikiweka kikapu chini ya meza bila kukifunua. Alivua mtandio, akaja ukumbini nilipokuwa, akashika upande wa pili wa shuka nililokuwa nikilipiga pasi juu ya meza ya chakula. Tulikuwa tumefika katikati yake wakati umeme ulipokatika. Tulingoja. Maseremala nao waliacha mashine zao, na mtaa mzima ukabaki na mvua peke yake.

Tulilibeba shuka kama lilivyokuwa. Tulimgeuza mama, mama mdogo akimshika mabegani, mimi nyongani, tukatandika: nusu iliyokauka tukaiweka chini ya mgongo, nusu mbichi ikaenda miguuni. Mama alipolazwa juu yake alishtuka kwa baridi, akauvuta mguu wake mmoja ulioweza, ule mwingine ukabaki ulipo. Mama mdogo aliinama, akauinua ule mguu usiojiweza, akajaribu kuupeleka juu kwenye upande mkavu. Haukufika.